Gunzi, Mashudu na Mkono wa Dada

Mtu akija kuniuliza asugue mwili kwa kitu gani, simjibu kwanza. Namwambia anipe mkono. Wajukuu zangu siku hizi wananiletea vikopo vya dukani vyenye picha ya mwanamke anayecheka, wananisomea kwa sauti: hiki cha ngozi kavu, hiki cha ngozi ya mafuta, hiki cha ngozi nyepesi. Nawaacha wasome. Mimi shule niliishia kujua kuandika jina langu na kufuata maneno ya Injili kwa kidole. Lakini nyumba ninayokaa hapa Newala, ya matofali na bati, imejengwa na madodoki, pumba na mashudu ya ufuta. Hakuna mume aliyenijengea, wala sikurithi. Nimesugua mabibi harusi wa Mkunya na Chilangala, na wa chini Masasi walinifuata huku juu. Kwa hiyo kikopo nakiheshimu, ila hakijawahi kushika mkono wa mtu.

Aliyenifundisha kazi hii ni bibi yangu, mzaa mama, wakati wa Mwingereza. Na mkono niliojifunzia ulikuwa wa dada yangu. Habari hiyo sijaisema yote kwa mtu yeyote, kwa sababu bado inaniuma.

Kwanza mjue jambo la maji. Kwetu Mkunya, wakati ule, maji tuliyafuata bondeni. Mwanamke aliondoka jogoo hajawika, akateremka ule mteremko wa kuvunja magoti, akapanda na mtungi kichwani jua likiwa utosini. Maji hayo ni ya kunywa, ya kupikia, ya mgonjwa na ya mgeni. Ya kuoga ni kata moja, ukiongeza unatazamwa. Ndiyo maana sisi watu wa juu tulikuwa hodari wa kusugua. Mwenye maji anajimwagia, uchafu unakwenda. Sisi tuliutoa kwa mkono, mwili mkavu, nongo zinabiringika kama tambi, kisha kitambaa chenye unyevu, kisha mafuta ya nyonyo. Basi, umeng'aa, twende kanisani.

Bibi alikuwa akisugua wanawali wanaotoka unyagoni na wasichana wanaoolewa, na alikuwa mkali. Ngozi inayopauka, ukiikwaruza kwa ukucha inaacha mstari mweupe, hiyo aliipa mashudu ya ufuta, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Yanasugua huku yanalisha. Ngozi inayong'aa puani na kutoka vipele mgongoni aliipa unga wa makopa ya muhogo, mkavu, umechekechwa, maana unafyonza. Ukiipa hiyo mashudu umemwaga mafuta juu ya mafuta. Mtoto, na mtu mwepesi wa kuchubuka, ni pumba laini za mtama zilizolowekwa, kwa kiganja kitupu. Dodoki ni la mgongo na mapaja. Gunzi la mahindi ni la viwiko na magoti. Kigae cha chungu ni cha kisigino, na atakayekipandisha juu ya kifundo cha mguu alimwita mjinga mbele za watu.

Halafu akaniambia neno ambalo lilikuwa ndilo sheria yake.

"Usitazame ngozi. Mtazame mwenyewe machoni. Ngozi haina mdomo, lakini jicho litashtuka. Likishtuka, punguza. Lisiposhtuka, ongeza."

Lisiposhtuka, ongeza. Nililishika neno hilo nikiwa nimeshachezwa unyago, na sikuona kosa ndani yake. Hakuna aliyeliona.

Dada yangu alikuwa fundi wa korosho. Tulichoma nje, kwenye debe lililopasuliwa na kutobolewa matundu. Mafuta ya ganda yanaruka, yanashika moto, moshi wake unakata koo. Yakikudondokea, ngozi inababuka, inachunika, inaacha baka. Kila mtu wa kwetu anayo mabaka hayo. Sisi nyumbani tuliyaita maua, na mtu asiyekuwa nayo tulisema mvivu. Dada alikuwa na ua chini ya kiwiko cha mkono wa kulia, limefifia rangi, kavu, halioti unywele. Kidole chake cha mwisho mkono huohuo kilikuwa kimeanza kukunjika, mama akasema amerithi vidole vya shangazi. Nani angeuliza zaidi? Korosho imemla. Sote imetula.

Tena alisifiwa. Korosho zikishamwagwa kwenye mchanga zipoe, sisi tunangoja, yeye anaziokota zikiwa bado zinafuka.

"Huyu mkono wake wa chuma," shangazi alisema mbele ya wageni. "Mume akileta ukorofi atamshika sikio kwa kaa la moto."

"Nitaanzia masikio yako, shangazi, nijifunze," dada akamjibu, na watu wakacheka mpaka wakakohoa moshi.

Mimi nilijaribu kushindana naye, nikalia, nikachekwa. Asubuhi alikuwa akijikuta na malengelenge vidoleni. "Kumbe niliungua," alisema, kama mtu anayekuta mvua imenyesha akiwa amelala. Mama alijivuna kwa hilo. Mtoto wangu halii, alisema.

Mchumba alitoka Lisekese, chini kule Masasi, seremala wa misheni, Mkristo mtoto wa Wakristo. Alikuja kutengeneza paa la kanisa letu, akamwona dada akipita na mtungi. Wazee wakazungumza, wakaelewana. Akawa anapanda kuja kutusalimu, na bibi alimtania kama anavyotaniwa mume wa mjukuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lakini usiniamkie kizee hivyo, mimi ndiye mke mkubwa. Huyo mwingine umeongezwa tu."

"Basi mke mkubwa, nipikie."

"Mke mkubwa hapiki, anakagua. Lete mkono." Akaugeuzageuza. "He! Hii ngozi ama gome? Utanichuna mjukuu wangu."

"Nisugue basi, bibi, unilainishe."

"Wewe? Wewe ni kigae tu, mwili mzima."

Dada alikuwa nyuma ya mlango amejiziba mdomo kwa kanga. Alimpenda yule mtu, nasema kweli. Lakini alipenda na kitu kingine, na aliniambia mimi peke yangu tukiwa tunateremka bondeni.

"Huko Lisekese kisima kiko nyuma ya nyumba, mdogo wangu. Nyuma ya nyumba! Nitaoga kwa ndoo nzima. Nitajimwagia mpaka nitetemeke."

"Hata ya baridi?"

"Ya baridi ndiyo ninayoyataka."

Padre akatangaza ndoa mara ya kwanza, akatangaza mara ya pili. Dada akawekwa ndani kwa bibi kusuguliwa. Alikuwa na ngozi kavu, ya mashudu, na mwili ulipokea vizuri. Mgongo wake ulitoka kama sahani mpya. Lile baka tu likakataa. Mwili wote unang'aa, lenyewe limepauka pale katikati kama majivu yamemwagwa.

Mchana mmoja mama akaingia, akainama kulitazama. "Mama, hilo ua wakwe wataliona akinyoosha mkono kutoa chai. Ongeza kidogo."

"Sugu ya korosho hii," bibi alisema. Akaniagiza gunzi.

Dada amekaa mkekani, mkono wake uko mapajani kwa bibi. Alikuwa anamwigiza padre alivyolitamka jina lake kanisani, kama mtu anayepiga chafya, na mimi nacheka. Bibi anasugua kwa gunzi huku anamtazama machoni, kama sheria yake ilivyo. Jicho halikushtuka. Akaongeza. Jicho halikushtuka. Akaongeza tena, na dada akapiga ile chafya ya padre kwa sauti zaidi, na mimi, ambaye sikuwa nikimtazama mtu machoni, nikaona chini.

"Bibi, damu."

Dada akatazama huku na huku. "Damu ya nani?"

Gunzi lilikuwa jekundu upande mmoja. Bibi akaliweka chini taratibu, akafuta mkono wa dada kwa kitambaa, akamwambia mama aende akaangalie chungu.

"Hakuna chungu motoni," mama akasema.

"Basi kakiweke."

Mama hakwenda. Alisimama palepale mlangoni. Bibi akaokota unyoya wa kuku, akamwambia dada afumbe macho. "Nikikugusa, sema hapa."

"Mchezo gani huu wa kitoto?" Lakini akafumba. "Hapa. Hapa, shavuni. Hapa, bibi unanitekenya! Hapa, begani."

Unyoya ukashuka mpaka kwenye baka. Bibi akaupitisha, akaurudisha, akaupitisha tena, akaushusha upande wa nje wa mkono mpaka kwenye kile kidole kilichojikunja. Dada alikuwa ametulia, ametabasamu, anangoja zamu.

"Haya, niguse basi," akasema. "Ama umesinzia?"

Mama akaanza kulia kwa ndani, kama mtu anayebanwa na kikohozi. Bibi aliyajua yale. Kaka yake mwenyewe, yeye akiwa mdogo, alijengewa kibanda mwisho wa mashamba, na chakula chake kikiwekwa juu ya kisiki. Mimi nilikuwa nimesikia habari ya kisiki tangu utotoni, sikujua ni habari ya ugonjwa gani. Siku ile nikajua. Ukoma.

"Fumbua macho, mjukuu wangu," bibi akasema.

Waligombana mbele yake, mama na bibi, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie.

"Harusi ipite kwanza," mama alisema. "Mama, nakupigia magoti. Wiki hii ipite tu. Ugonjwa ukimkuta yuko kwa mumewe, mumewe atamuuguza. Ukimkuta hapa, ni nani atakayemtaka?"

"Na mume akiliona baka mwenyewe? Atasema tumemfunga kamba."

"Atalijuaje? Sisi hatukulijua!"

"Mimi nimelijua."

"Umelijua leo, na umesugua watu maisha yako yote!"

Uso wa bibi ulifanya kitu ambacho sitaki kukisimulia.

Dada ndiye aliyesema. "Mnanigawana kama nyama ya kitoweo, na mimi nimekaa hapa. Mkono wangu. Nitamwonyesha mwenyewe."

Yule mtu alikuja Jumamosi, kesho yake likiwa tangazo la tatu. Alikuja na furaha, kupanda kwake ni kutuambia kitanda kimekwisha, mninga mtupu, hakuna msumari. Bibi harusi hatakiwi kuonekana na mwenzake akiwa ndani. Dada alitoka na mafuta yake mwilini, akaenda kusimama mbele yake uani, akanyoosha mkono.

"Nibane hapa."

"Kwa nini?"

"Nibane tu."

Akambana, akicheka.

"Kwa nguvu."

Akakaza. Akakaza mpaka kucha zikaingia, na nikaona jicho la yule mtu ndilo linaloshtuka, mdomo umemkunjamana.

"Umeumia wewe," dada akamwambia. "Mimi bado."

Alielewa. Watu wa Masasi waliwajua wagonjwa, misheni walikuwa na kambi yao. Aliuachia mkono polepole, hakuutupa, hilo ninampa. Akasema, "Nitasubiri. Siku hizi kuna dawa mpya, watu wanapona. Nenda ukatibiwe, mimi nitasubiri." Alisema vizuri. Hata mama aliinua uso.

Kisha akaaga. Kando ya mlango kulikuwa na mtungi, maji ambayo mimi na mama tulikuwa tumeyapandisha asubuhi ileile. Akachota kata, akanawa mikono. Akachota nyingine. Akanawa mpaka kwenye viwiko, akasugua katikati ya vidole, akachota tena, na maji yanakwenda mchangani yanazama. Yalikuwa maji ya kunywa. Kwetu mtoto alichapwa kwa kumwaga nusu ya hayo. Dada alisimama palepale anayatazama maji yanavyomwagika, na alipomaliza yule mtu, dada akasema, "Safari njema," akarudi ndani.

Jumapili padre alisoma matangazo ya ndoa za watu wengine. Jina la kupiga chafya halikuitwa. Vichwa vikageuka kututazama benchi zima.

Dada alichukuliwa na lori la misheni. Majirani walichoma mkeka wake. Mama mwenyewe alichoma nguo za dada kabla hajaambiwa, na sijui kama alichoma kwa hofu au kwa uchungu, naye hakuwahi kusema. Hakuwahi pia kwenda kumtazama. Safari ndefu, alisema, miguu inauma, korosho zinaanguka. Miaka yote korosho zilikuwa zinaanguka.

Seremala alisubiri kwa muda, kisha akaoa mtu wa Masasi, na kile kitanda cha mninga akakilalia yeye na mwingine. Watu wananiambia nisimlaumu, wakati ule hofu ilikuwa kubwa. Kweli ilikuwa kubwa. Mimi namlaumu.

Bibi aliendelea kusugua watu, ila hakushika gunzi tena, na sheria yake akaikata mkia. Alinifundisha upya, akinishika mkono: "Jicho likishtuka, punguza. Lisiposhtuka, acha. Acha kabisa, ulete unyoya." Alikufa kabla ya uhuru. Kazi nikaishika mimi. Kila anayekuja kwangu, bibi harusi au mtu wa kawaida, naanza na unyoya, mikono yote, miguu yote, macho yamefumbwa. Wateja hudhani ni mbwembwe zangu, wengine wamekwenda kuniiga bila kujua wanaiga nini. Wapo ambao unyoya uliwagusa wasiseme "hapa". Hao nimewapeleka hospitali mwenyewe, nimewashika mkono njiani kila mtu akiona, na kwa kuwa dawa ipo na waliwahi mapema, wamerudi kwao na vidole vyao na harusi zikafungwa. Nimezicheza harusi hizo. Nikirudi nyumbani sili.

Dada alipona. Nataka lieleweke: dawa ile mpya ilimponya, ugonjwa ukamtoka. Lakini vilivyokwisha kufa mikononi na miguuni havikufufuka. Waliopona waliambiwa wanaweza kurudi makwao. Alirudi Mkunya mara moja, akakaa nyumbani mchana mmoja. Mama alimpa chai kwenye kikombe ambacho baadaye hakikuonekana kabatini. Dada aliona. Akaniambia, "Mdogo wangu, nisindikize," na kambini ndiko alikokaa mpaka mwisho wake, akilima bustani na kulea watoto wa wagonjwa wenzake.

Nilikuwa nakwenda kila korosho zikiisha. Nilimbebea kochoko, yale mabibo makavu aliyoyapenda, na mfuko wa pumba za mtama. Ngozi ya ugonjwa ule hukauka, haitoi jasho, inapasuka kama udongo wa kiangazi. Mtu angedhani ni ya mashudu, na isuguliwe sana. Hapana. Ngozi isiyoweza kukuambia "basi" unaishika kama ya mtoto aliyezaliwa leo: pumba zilizolowekwa zikalainika, kiganja kitupu, halafu mafuta mengi. Kigae hakijagusa kisigino cha dada yangu hata siku moja. Hilo haliandikwi kwenye kikopo.

Mara ya mwisho nilimkuta amedhoofu. Kambi ile iko chini, karibu na mto, maji tele, ndoo zimejaa mlangoni kwa kila mtu. Nikamkalisha kigodani nje, juani. Nikamsugua mikono, nikamsugua miguu, yeye anaongea habari za bustani yake, mchicha umeliwa na kuku. Nilipomaliza nikanyanyua ndoo ili nimwagie.

"Ngoja," akasema. "Ya moto au ya baridi?"

Nilitia mkono ndooni. Maji yalikuwa yameshinda juani, ya vuguvugu tu.

"Ya baridi," nikamwambia.

"Sana?"

"Sana, dada."

Akanyoosha mikono yake yote miwili mbele, ile isiyojua, akafumba macho.

"Haya, mwaga. Mwaga ndoo nzima."

Nikamwaga. Naye akayatetemesha mabega yake, makusudi, huku anacheka.